Kikwembe Yenye Ilibakia mu Sanduku

Niko na karatasi moja mu Biblia yangu. Iko na muhuri ya bluu na sahihi tatu, na mu mustari ya saba, fasi, mahali ya kuandika bitu bya kazi byenye mwenye lupango, mwenye kiwanja, alikuwa nabyo, kuko neno moja tu: feraye. Ni kusema chuma ya kutupa. Mi nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primeri, lakini ile neno naisoma hata bila miwani.

Ile feraye ilikuwa mashini yangu ya kusaga unga. Na kosa ilikuwa yangu. Nasema mbele, juu batoto bangu banapenda kusema kosa ilikuwa ya serikali, ya kompani, ya bei ya kobalti yenye ilianguka. Hao bote bako na makosa yabo, na Mungu atabahesabia. Lakini motere yake, yenye kuizungusha, niliifunika mi, na hii mikono yangu mbili.

Ile mashini ilitoka Kapata, mutaa ya bafanyakazi mu Kolwezi, mu ile miaka balifukuza Bakasai, bakisema hapa si kwabo. Bwana yangu, baba ya batoto bangu, alikuwa anatumika mu atelie ya kompani, kwa mafundi ba motere. Mukubwa yabo alikuwa Mukasai, mutu mufupi, mukali, mwenye kuandika kila motere mu kaye, daftari yake: waya ya unene gani, mizunguko ngapi, mwisho ya huyu inafungwa na mwanzo ya nani. Motere ikiungua, anafungua kaye. Bwana yangu alifanya naye kazi miaka mingi, lakini ile kaye hakuigusa hata siku moja. Yeye alikuwa wa kushika waya na kukaza kamba.

Kisha bijana balianza kupita mu avenu za Kapata na nyimbo, na kuandika alama ku milango. Ule Mukasai na muke yake na batoto balienda kulala ku gare sawa benzabo, kungojea treni. Siku na siku, treni hakuna. Balikuwa banauza kila kitu, kitanda, sufuria, mulango. Mashini yabo ya kusaga tuliipata mi na bwana yangu, kwa bei ya kuku na kidogo. Aibu ya ile bei nilikuwa nayo zamani, sasa imechakaa, njo maana naandika. Nilimupelekea muke ya ule Mukasai makuta, ni kusema pesa, ku gare. Akaikunja, akaingiza mu kifua, akaniangalia.

"Mubakie na fasi, mama," akasema. "Siye tunaenda na akili."

Nilikasirika. Mu njia yote nilikuwa nasema: kiburi ya Bakasai, hata ku gare bako na kiburi.

Bwana yangu akapewa fasi ya ule mukubwa. Motere ya kwanza yenye iliungua, alikaa nayo wiki mbili, akaipeleka Lubumbashi. Ya pili vile vile. Kisha batu ba atelie balizoea, hakuna hata mwenye kufungua motere tena; balikuwa banalala pembeni yake, kichwa ku chuma. Kompani yenyewe ikaanguka, posho ikakatika, na bwana yangu akakufa akingojea mushahara. Mi nikakamata mashini, nikahamia Kasulo kwa mutoto yangu.

Kasulo, kila mutu anajua. Pale batu banachimba mu chumba ya kulala. Mutoto yangu alifungua tundu nyuma ya jiko, akashuka, na minere, majiwe ya kobalti, ikaanza kutoka mu mifuko ya rafia. Mbele ya nyumba mi nasaga unga, nyuma yeye anatosha majiwe meusi. Nyumba yetu ilikuwa sawa mutu mwenye anakula huku na kutapika kule. Vumbi ya minere iliingia mu kila kitu, mu chumvi, mu masikio, mu shuka ya mutoto muchanga. Kitu moja tu haikuingia: sanduku yangu ya chuma, juu ya kabati, na mu sanduku kikwembe, kitenge yangu ya kuzikwa nayo. Niliinunua na makuta yangu ya unga. Nilikuwa naitosha kila Pasaka, naipepea, nairudisha.

Motere yangu iliungua mara mbili mu ile miaka. Kila mara niliipeleka Lubumbashi ku gareji ya magari, nikakaa nikingojea, nikarudi na motere yenye imefungwa hovyo. Mara ya pili ilifanya miezi mine tu. Njo nikasema: bwana yangu aliogopa kufungua kaye, mi sitaogopa kufungua telefone.

Telefone ilikuwa ya muke wa mutoto yangu. Yeye alikuwa anaitumia kuangalia nywele na ndoa za batu. Nilimwambia anitafutie mutu mwenye kufunga motere, ni kusema kuizungushia waya mupya.

"Mama, kufunga motere? Uko na miaka ngapi?"

"Ile yenye inatosha kukuchapa."

Akatafuta. Na mi nikaingia shule kwa mara ya pili.

Kuko manyumba tatu mu ile telefone, niliziita kwa namna yangu. Nyumba ya marefu, kwenye mutu anafundisha saa nzima. Nyumba ya mafupi, kwenye anafundisha mu muda ya kumeza mate. Na nyumba ya sauti, kwenye batu bengi bako mu kundi moja, banatumiana picha na kusema. Mu yote tatu nilikuta balimu. Mama moja wa Abidjan, anasema Kifaransa mbio sana, lakini anaandika namba ku ukuta kubwa kubwa. Muzee moja wa Azia, hasemi hata neno, mikono tu, na redio inaimba nyuma. Na fundi moja wa Dar es Salaam mwenye kidole gumba nyeusi, ukucha iliyokufa. Huyu njo alikuwa mwalimu yangu.

Kiswahili yake ni ya kitabu. Anasema "tafadhali zingatia." Mwanzoni muke wa mutoto yangu alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mama, anasema stata. Stata ni nini?"

"Angalia mukono yake. Acha kinywa."

Ntawaambia namna nilichagua nani wa kuamini, juu mu ile telefone bongo, maneno ya uongo, ni mingi kupita minere. Mutu akionyesha motere inazunguka bure, bila kitu ku shingo yake, simuamini. Hata maiti ukiisukuma inasogea. Nataka kuona motere inavuta muzigo. Na nataka mutu mwenye ataonyesha yake yenye iliungua. Ule wa kidole nyeusi, siku moja alifungua motere yake mbele yetu, imekuwa makaa, akasema: "Hapa nilikosea mimi, si mteja." Tangu ile siku nilimuweka mu maombi yangu.

Kulikuwa hata mwizi. Mu nyumba ya mafupi niliona kidole ile ile nyeusi, lakini sauti ingine, inasema punguza mizunguko kumi, utabakisha waya. Mu nyumba ya marefu, kidole ile ile ilikuwa imesema ukipunguza hata moja unajidanganya. Nilikaa na ile shida siku mbili. Kisha nikatuma sauti mu kundi: mwalimu, uko kinywa mbili?

Akajibu yeye mwenyewe. "Bibi yangu, huyo si mimi. Ameiba video zangu, akaweka sauti yake. Ukiwa na shaka, njoo huku, uulize."

Muke wa mutoto yangu akaanguka chini na kicheko. "Anakuita bibi yake! Mama, uko na bwana Dar!" Juu kwetu bibi ni muke ya mutu. Nilimutupia kiatu. Lakini nilifurahi. Nilikuwa nimeshika mwizi, mi, wa mwaka ya tatu ya primeri.

Mu avenu ya pili kulikuwa mama mwengine mwenye mashini ya kusaga. Tulikuwa sawa majogoo mbili mu lupango moja. Akinipita nimekaa na telefone ku pua, anapaza sauti:

"Mama wa telefone! Leo unasoma misa gani?"

"Ya bafu, ya batu benye balikufa," namujibu. "Jina yako iko ya kwanza."

Bon. Bei ya kobalti ikaanguka. Banunuzi bakafunga bibanda, mifuko ikabaki imepangwa mu nyumba sawa ndugu mwenye hakuna anayemutaka. Na kisha, juu ya ile njaa, batu ba serikali na ba kompani ingine bakaja kutuambia tutoke. Avenu yetu ilikuwa mu upande wenye batazungushia ukuta, kompani ichimbe. Kila lupango batahesabu, na kila mutu atapewa fasi ingine, mbali, upande wa njia ya Tenke.

Mutu wa kuhesabu alipita kwanza kutueleza. Alieleza vizuri, siwezi kusema bongo. Mwenye nyumba tu, atapewa fasi ya nyumba, ndani kule. Lakini mwenye kazi ya mashini, na mashini inatumika siku ya kuhesabu, atapewa fasi ku barabara, chini ya kuran, umeme, ile ya nguvu, ya waya tatu. Mashini yenye haitumiki, haiandikwi kazi.

"Inatumika namna gani?" nikauliza.

"Mama, tutasema washa. Ikizunguka, inatumika."

Ile wiki yenyewe, motere yangu ikaungua.

Mutoto yangu alisema tukamate motere ya mutu kwa siku moja, tufunge, tudanganye. Nilikataa. Sikukataa juu ya Mungu. Nilikataa juu ya kiburi. Nilikuwa nimeangalia mikono ya batu mwaka nzima, na sasa nilitaka kuangalia yangu.

Nilitosha waya ya zamani, nikahesabu mizunguko mara tatu, nikaandika mu kaye. Waya mupya ilitoka Lubumbashi na dereva, imezungushwa ku kipande ya mbao, inangaa. Shaba inatoka chini ya matako yetu, inaenda kutembea dunia nzima, inaturudilia kwa kilo. Nilikata karatasi ya kuingiza mu mifereji, nikaingiza waya na kipande ya mwanzi, pole pole, juu ukikwaruza ngozi ya waya umeua motere mbele haijazaliwa. Vidole vyangu vilivimba. Muke wa mutoto yangu alishika telefone mbele yangu, na nilipochoka alisema, bila kucheka sasa: "Rudisha nyuma, mama? Nirudishe nyuma?" Siku tano. Nilijaribu na taa: waya moja ku motere, moja ku chuma ya mwili, taa ikiwaka, kuran inavuja. Taa ilibaki nyeusi. Tulipiga makofi, siye babili mu jiko.

Ikabaki verni, ile rangi ya kugandisha waya. Unamwangia, unakausha. Hatuna furu, tanuri ya kukaushia. Fundi alikuwa ameonyesha njia ya masikini: ingiza balbu ya moto mu tumbo ya motere, acha iwake mpaka kesho, na funika joto isitoke. Namusikia hata leo: "Funika kwa kitambaa safi."

Verni ilikuwa mubichi bado, inanata sawa asali. Nikatafuta kitambaa safi mu nyumba. Shuka, nyeusi. Taulo, nyeusi. Niliangalia juu ya kabati. Nilijua. Nilisimama pale nikiangalia ile sanduku, na nikasema mu roho: kikwembe yangu inuke verni? Batu balale ku matanga yangu na kusema huyu mama alikufa kama mekanisie?

Kulikuwa mifuko ya minere nyuma ya jiko. Nikakamata moja mupya mupya, yenye ilibeba mara moja tu. Niliipiga ku ukuta mara mingi, mpaka nikakohoa. Nikafunika.

Asubuhi mapema, mbele hata sijafungua kinywa, bale ba kuhesabu balikuwa ku mulango. Baliniambia saa nne, balikuja saa moja. Nilivuta mufuko, verni ilikuwa inangaa, nikaona kama kioo. Tulifunga motere ku mashini mbio mbio. Ile taa ya kujaribu ilikuwa ku musumari ukutani, pembeni ya kichwa yangu. Sikuikamata. Nilisema: nilijaribu tayari.

Batu balijaa. Ule mama wa avenu ya pili pia, mikono ku kiuno.

"Mashini inatumika?" akauliza mwenye karatasi.

"Inatumika."

"Nani aliifunga motere?"

"Mi."

Bakaangaliana. Kijana moja wao akacheka. "Wewe, mama? Ulijifunza wapi?"

"Mahali yenye wewe unaangalia mupira."

Batu bote bakacheka, na mi nikasimama murefu. Nikawasha.

Ilizunguka. Nataka hiyo iandikwe fasi: ilizunguka. Nilihesabu mapigo ya moyo sita, saba. Kisha ikatoa sauti sawa mafuta kumwangikia maji, moshi ukatoka, na kuran ikakatika mu nyumba yetu na mu tatu za jirani.

Hakuna mwenye kucheka. Hata ule mama hakucheka, na hiyo iliniumiza zaidi.

"Tatizo ni kidogo," nikasema. "Munipatie siku mbili."

"Mama, hatuna siku mbili." Hakuwa mutu mubaya. Aliandika ile neno moja pole pole, na akanigeuzia karatasi niweke kidole.

Nilifungua motere jioni ile. Mu verni, kila fasi, vumbi nyeusi imelala, imeshikamana, imekauka pamoja, kutoka waya mpaka chuma, na kuran ilipita mulemule. Mufuko ya minere huwezi kuipiga ikawa safi. Kila mutoto wa Kasulo anajua. Nilijua.

Nilituma picha mu kundi. Mwalimu akajibu kesho yake.

"Bibi, ulifunika na nini?"

"Na mufuko."

"Mfuko wa nini?"

"Ya minere. Ya majiwe ya kobalti."

Kisha: "Nilisema kitambaa safi. Lakini sikusema kwa nini. Hilo ni kosa langu. Naweza kulieleza kwenye video, bila jina lako?"

"Eleza," nikasema. Na alieleza, vizuri sana, mu nyumba yote tatu: mama mmoja wa Kongo, mahali ambapo hakuna kitambaa safi. Batu balinihurumia, baliweka mioyo na mikono ya kuomba. Sikumwambia kama kitambaa ilikuwako. Hata leo hajui.

Tulihama. Fasi yetu iko ndani, mbali na barabara, majani na vichuguu. Kuran haifiki, tunaiona tu inapita juu ya nguzo kule, sawa harusi ya tajiri. Motere niliifunga upya, na taa ikabaki nyeusi, lakini ya kazi gani? Iko chini ya kitanda. Ule mama wa avenu ya pili alipewa ku barabara, juu mashini yake ilizunguka. Kila asubuhi mi nakamata beseni yangu ya mahindi, natembea, napanga mustari kwake, nyuma ya batoto banamuke. Unga wangu unasagwa na mashini ya mwengine, na namushukuru.

Mwaka haukuisha, motere yake ikaungua. Alikuja mwenyewe mpaka kwangu, mu jua, jasho inamwaga. Alisimama ku mulango.

"Mama wa telefone," akasema. Kisha akabadilisha. "Mama. Banamuke ba kule bote banatembea mpaka Kolwezi na mahindi ku kichwa."

Nilimuacha asimame. Nilikuwa na neno moja ku ulimi, nililibeba tangu ku gare ya zamani, na sasa ilikuwa zamu yangu ya kulisema: mubakie na fasi. Ilikuwa tamu mu kinywa. Nilimwangalia miguu, vumbi mpaka ku magoti. Ule mama Mukasai aliweza kulisema, juu hakuwa wa kurudi, treni ilimuchukua. Mi bado niko hapa, na natafuta unga.

"Leta motere," nikasema. "Na usinisaidie."

Nilifanya siku ine. Niliandika kila kitu mu kaye, na hii kaye naiacha ku meza, wazi, mwenye kutaka asome. Nilimwanga verni, nikaingiza balbu. Muke wa mutoto yangu alianza kutafuta kitambaa. Nilimwambia apande ku kiti, anishushie sanduku.

Akaishusha. Akafungua, akaona, akafunga.

"Mama, hii ni ya kuzikwa nayo."

"Funga mulango, vumbi inaingia."

Nilikunjua kikwembe yote, nikafunika motere mara mbili, sawa mutoto muchanga. Kesho yake nilijaribu na taa, tena na tena. Nyeusi. Tuliifunga kwake, akawasha, ikazunguka na muzigo, na mahindi ya kwanza kuingia yalikuwa ya mutu mwengine, juu mi nilikuwa wa tatu mu mustari.

Kikwembe niliifua mara ine. Alama ya verni haitoki, iko katikati, ya mviringo, kubwa sawa sahani, na harufu vile vile. Muke wa mutoto yangu ananiuliza kama tutafute ingine.

"Munizike nayo," namwambia. "Alama iwe juu."